Utepe wa Namanga, dengu za Makindu

JICHO LA MAGHARIBI
Na Festo Kasalama, Litapunga

Viongozi wetu wanaupenda mpaka siku ya kukata utepe. Tarehe 1 Desemba 2018 Rais John Magufuli na Rais Uhuru Kenyatta walikutana Namanga kuzindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani. Zikatolewa hotuba za undugu, vikapigwa vifijo, picha zikapigwa, na sisi wa huku Katavi tukatazama kwenye runinga ya kibanda cha kahawa tukasema haya, mambo yamekaa sawa.

Haki isemwe: jengo lile linafanya kazi. Zamani ulikuwa unagongewa muhuri wa kutoka upande wa Tanzania, unavuka kwa miguu na begi kichwani katikati ya madalali wa kubadilisha fedha, halafu unaanza foleni upya upande wa Kenya. Sasa unasimama mara moja tu, upande wa nchi unayoingia. Afisa wa Tanzania anakutoa, wa Kenya aliyekaa dirisha la jirani anakuingiza, umemaliza. Nimepita pale na sina la kulalamikia.

Lakini utepe ule ulikatwa mwaka mmoja na ushee tu baada ya sherehe nyingine, ambayo hakuna aliyealikwa. Oktoba 2017, hapo hapo Namanga, vifaranga 6,400 vya kuku vilivyotoka Kenya vilichomwa moto na mamlaka zetu, kwa maelezo kwamba ni kuzuia mafua ya ndege. Mwezi huo huo ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kimaasai kutoka Kenya, waliovuka kutafuta malisho, walipigwa mnada. Wenzetu nao wana yao. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, malori yakajipanga mpakani na madereva wakalala chini ya matela.

Nikiyaweka pamoja naona mpaka wetu una maigizo ya aina mbili, la kukumbatiana na la kukomoana, na yote mawili yanachezwa kwa ajili ya watazamaji waliobaki nyumbani. Anayepita, yule mama mwenye kapu, yule dereva mwenye mzigo wa watu, hana nafasi katika lolote kati ya hayo. Yeye ni jukwaa tu, wengine wanachezea juu yake.

Afrika Mashariki hii, mahali nilipoona watu wanaojua kumpokea mpita njia ni Makindu.

Makindu ni mji mdogo wa barabarani katika kaunti ya Makueni, Ukambani, kilomita kama 170 ukitoka Nairobi kwenda Mombasa. Mwaka juzi nilikuwa naelekea Voi kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, na shemeji yangu wa Nairobi ndiye aliyekuwa anaendesha. Jua la Ukambani halina adabu, na tulikuwa tumetoka bila kula. Shemeji akakata kona ghafla, akaingia kwenye geti kubwa, akazima gari chini ya mti. Tausi wawili wakapita mbele ya bampa wakiburuza mikia yao kama mabibi harusi. Nikamuuliza ni hoteli gani hii, akanijibu, "Kwa Kalasinga. Shuka tule."

Nikaingiza mkono mfukoni kuhesabu shilingi za Kenya zilizobaki. Akacheka.

Kumbe ni hekalu la Masingasinga, hao tunaowaita Makalasinga. Pale mlangoni kuna sheria mbili, unavua viatu na unafunika kichwa. Vitambaa vya kichwa vipo kwa asiye na chake, nami nikajifunga kimoja cha rangi ya chungwa, nikaonekana kama mtu aliyetoka kunyolewa jandoni. Soksi zangu zilikuwa na tundu la kutoshea kidole gumba. Hakuna aliyenitazama miguu. Mzee mmoja mwenye kilemba cheupe na ndevu zilizofika kifuani alikuwa ameketi kwenye benchi, akatuita kwa Kiswahili safi kuliko cha shemeji yangu:

"Karibuni wanangu. Mmekula?"

"Shikamoo mzee. Tunapita tu, tunakwenda Voi."

"Marahaba. Anayepita ndiye mwenye njaa. Mikono mnanawia pale, chakula kile kule."

Ukumbi wa kulia ni mrefu na safi. Unachukua sinia la chuma lenye vigawanyo, unapita kwenye mstari, unapakuliwa: dengu nzito, mboga ya viazi, wali, mtindi, chapati moto zilizopakwa samli. Nyama hakuna, pombe hakuna, sigara hakuna. Chai ya maziwa unajimiminia mwenyewe, hata vikombe vitatu kama tumbo lako linabeba. Mezani kwetu walikaa madereva wawili wa malori na utingo wao, familia ya Kihindi iliyotoka Nairobi kwa gari la fahari, na mama mmoja wa Kikamba mwenye mtoto mgongoni. Tajiri hakupakuliwa zaidi ya utingo. Mama mwingine wa Kikamba, aliyekuwa anapakua, aliniongezea chapati bila kuniuliza, kwa jicho la mtu anayemjua mwanaume mwenye njaa akimwona. Ukimaliza, unaosha chombo chako. Wengine wanabaki jikoni wanasukuma chapati nusu saa, kisha wanaendelea na safari.

Kabla ya kuondoka tuliingia ukumbi wa ibada. Katikati, juu ya kiti cha heshima chenye mwavuli wa kitambaa, kimewekwa kitabu chao, Guru Granth Sahib, ambacho wao wanakiheshimu kama mwalimu aliye hai. Aliyekuwa zamu akatutilia viganjani donge la tamu moto, unga wa ngano uliokaangwa kwa samli na sukari, tukalipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyetuhubiria. Hakuna aliyetuuliza dini, kabila, wala pasipoti. Mtu akichoka kuna vyumba, analala bila kudaiwa, asubuhi anaendelea na njia yake. Anayetaka kutoa sadaka anatoa, asiye nayo anakwenda zake.

Hii si sadaka ya juzi. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ufukwe wa Ziwa Victoria, Kisumu ya leo, mwaka 1901. Waingereza walileta vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka India ya wakati huo, na takribani 2,500 kati yao walikufa: maradhi, ajali, na wengine, kama tunavyosimuliwa, simba wa Tsavo. Makindu ilikuwa kituo cha kazi cha reli hiyo. Masingasinga miongoni mwao, wengi wakiwa maseremala, wahunzi na waashi, walikuwa wakikusanyika hapo kuomba, na hekalu lenyewe likajengwa mwaka 1926. Kazi za reli zikahama, mafundi wakastaafu, watoto wao wakaenda Nairobi na Uingereza. Jiko bado linawaka. Wanaolitunza leo ni wachache, na wanaokula ni sisi wengine wote.

Sisi Watanzania tunawajua Makalasinga kwa gereji, kwa mashine za mbao na kwa mahekalu yao ya Dar es Salaam, Arusha, Moshi na Mwanza ambayo wengi wetu tunapita nje tu. Wakenya wa umri wangu wanamkumbuka Joginder Singh, aliyeshinda mbio za magari za Safari mwaka 1965, 1974 na 1976. Wachache zaidi wanamkumbuka Makhan Singh, baba wa vyama vya wafanyakazi Kenya, aliyesimama hadharani Nairobi mwezi Aprili 1950 akadai uhuru wa Afrika Mashariki mara moja, Waingereza wakamfunga hadi 1961. Tumesoma majina mengi ya mashujaa shuleni, hilo mimi sikulisikia.

Makhan Singh alizaliwa mwaka 1913 wilaya ya Gujranwala, katika Punjab. Ukienda leo kutafuta alikozaliwa, utaingia Pakistan. Mwaka 1947 Waingereza walipoondoka India, wakili mmoja wa London, Cyril Radcliffe, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga huko, alipewa kama wiki tano kuchora mstari. Mstari ukapita katikati ya Punjab. Watu wanaokadiriwa kufikia milioni 15 walihama makwao, na waliouawa njiani wanahesabiwa kwa malaki, wengine wanasema zaidi ya milioni moja. Masingasinga walijikuta wamekatwa vipande viwili, mashamba na mahekalu yao upande mmoja, wao wenyewe upande mwingine. Hivyo ninapomwona mzee wa Makindu ananiuliza kama nimekula, nakumbuka kwamba anatoka kwa watu wanaoujua mpaka kuliko mimi.

Na kwenye mstari huo wa Punjab ndipo penye sherehe kubwa ya mpakani kuliko zote duniani. Kati ya Amritsar ya India na Lahore ya Pakistan kuna geti linaloitwa Attari upande mmoja na Wagah upande wa pili. Tangu 1959, kila jioni jua likikaribia kuzama, askari wa pande zote mbili huteremsha bendera zao kwa wakati mmoja. Mimi nimeishia kuitazama kwenye simu, mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye shamba la kupalilia. Wanajeshi warefu wenye vilemba vilivyosimama kama upanga wa jogoo wanarusha miguu hadi usawa wa paji la uso, wanatoleana macho, wanatunishiana vifua. Kuna majukwaa ya watazamaji kama ya uwanja wa mpira, muziki, washereheshaji wa kuwapandisha watu mori, na maelfu wanapiga kelele kuitakia nchi yao maisha marefu kwa sauti ambayo upande wa pili lazima uisikie. Kisha bendera zinashuka sambamba, isije moja ikaonekana chini ya mwenzake, maofisa wanashikana mikono sekunde moja, geti linafungwa kwa kishindo.

Tangu Aprili 2025 hata ile sekunde moja haipo. Baada ya watu 26 kuuawa na wenye silaha huko Pahalgam, Kashmir, India iliamua geti lisifunguliwe wakati wa gwaride na mkono usitolewe. Mwezi uliofuata ikafunga pia njia ya Kartarpur, ile iliyofunguliwa Novemba 2019 ili Masingasinga wa India wavuke bila viza kwenda kusali alikofia mwanzilishi wa dini yao, Guru Nanak, kilomita chache tu ndani ya Pakistan. Mahujaji wamefungiwa, gwaride linaendelea.

Mtalii anayeangalia gwaride la Attari kwa kawaida amelala Amritsar, mwendo wa kilomita kama 30, na asubuhi yake amekwenda Hekalu la Dhahabu. Huko jikoni wanalisha watu elfu 50 kwa siku, na sikukuu hufikia laki moja, wote wamekaa chini kwenye mstari, waziri na mwombaji bega kwa bega. Hekalu lina milango pande zote nne, kwa kuwa hakuna upande ambao mtu anaweza kutoka akaambiwa amekosea njia. Si kwamba pale ni peponi. Juni 1984 jeshi la India liliingia ndani ya hekalu hilo kupambana na wapiganaji waliojichimbia humo, damu nyingi ikamwagika, nayo ikazaa damu nyingine. Lakini jiko lilirudi kuwaka.

Watu wa mkoa mmoja, lugha moja, wanaweza asubuhi kumpakulia mgeni asiyejulikana jina, na jioni wakapanda jukwaani kumzomea jirani ambaye bibi zao walichota naye maji kisima kimoja. Wote tuna hayo mawili ndani yetu. Swali ni lipi tunalijengea ukumbi.

Sasa nirudi nyumbani, maana msomaji wa Mpanda anauliza haya ya Wahindi yanamhusu nini.

Yanamhusu sana. Sisi wa Nsimbo tumekaa na jiko letu wenyewe bila kulitambua. Mwaka 1972 Burundi iliingia kwenye mauaji, watu wakakimbilia kwetu kwa maelfu. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikuwazungushia waya. Iliwapa ardhi: Ulyankulu kule Tabora, Katumba hapa kwetu, na baadaye Mishamo. Waliingia kwenye msitu wa miombo wenye mbung'o, wakafyeka, wakalima, na haikuchukua muda mrefu wakawa wanakula jasho lao na kutulisha sisi. Mwaka 1983 Mwalimu akapewa nishani ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa jinsi Tanzania ilivyowapokea wakimbizi. Mwaka 2014, enzi za Rais Jakaya Kikwete, Serikali ikatangaza kuwapa uraia Warundi hao wa mwaka 1972 na watoto wao, watu 162,156. Sijui nchi nyingine iliyofanya hivyo kwa kundi kubwa namna hiyo kwa mara moja, na sisi tulifanya tukanyamaza kimya. Gwaride hatukufanya. Vizuri.

Lakini kaa stendi ya Mpanda, sikiliza. Watu wakigombea mpaka wa shamba, neno la kwanza linalotoka ni "mkimbizi". Mwenzako akikushinda kwenye kura za kijiji, "Mrundi huyo". Kijana aliyezaliwa Katumba, akasoma Katumba, akaapa kwa bendera ya Taifa, bado anaulizwa kwenye kibanda cha M-Pesa ametokea wapi hasa. Huo ndio Wagah wetu, hatuhitaji majukwaa wala vilemba. Tunausimamisha popote tunapotaka, kwa neno moja. Mimi nasema anayemwita raia mwenye cheti chake mkimbizi anavunja heshima ya nchi yake mwenyewe, na wenyeviti wa vijiji wanaokaa kimya neno hilo likitajwa kwenye baraza wamekosea vile vile.

Jambo la pili ni Karema. Mkoa wetu unapakana na Kongo kwa maji, na Karema tumejengewa bandari ya kisasa inayotazamana na Kalemie na Moba. Boti zitaongezeka, barabara ikikamilika malori nayo yatafuata, na siku moja mkubwa mmoja atakuja na mkasi mwingine. Kabla utepe haujanunuliwa, naomba tujiulize mama aliyetoka ng'ambo usiku na watoto watatu, akisubiri afisa afungue asubuhi, atakaa wapi na atakunywa nini.

Msiniambie Serikali haina bajeti, sijaiomba. Jiko la Makindu halina ruzuku ya serikali yoyote. Linaishi kwa sadaka na mikono ya watu. Na Karema si mahali pageni kwa kazi hii. Mababa Weupe walipokabidhiwa ngome ya Wabelgiji pale mwaka 1885, misheni ikawa kimbilio la watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1889 akafika mmoja wao, Adrien Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyetekwa akiwa mdogo, akakombolewa, akasomeshwa utabibu Malta. Alitibu watu wa mwambao ule hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 mgeni yule aliwahudumia wenyeji na wapita njia bila kuwachuja, na wazee wa Karema hawamtaji kama mgeni.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, nalielekeza kwa Jimbo Katoliki la Mpanda, kwa BAKWATA mkoa, kwa makanisa mengine, kwa wafanyabiashara wa mchele na mahindi wanaotajirika kwa njia hiyo hiyo, na kwa wenzangu wa Katumba ambao wanajua kuliko sisi wote maana ya kufika mahali usiku na njaa. Tujenge banda moja nje ya geti la bandari ya Karema. Bati, benchi, tangi la maji, mafiga matatu, na zamu ya watu wa kupika uji wa asubuhi na maharage ya jioni. Atakayekula asiulizwe ametoka wapi. Kazi hiyo wanayo maafisa wa uhamiaji na wanalipwa mshahara.

Gunia la kwanza la maharage natoa mimi, nimeshaliagiza Katumba. Anayetoa la pili aniletee jina hapa Litapunga.